Maswali Yenu: Mtakwimu Anayetaka Namba Zake Zifike Kwenye Sera

Barua nyingi za miezi hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mtakwimu hufanya nini hasa, na namba zake zinafikaje mezani kwa anayepanga bajeti? Tumechagua saba. Jibu la pili ni refu kuliko mengine kwa makusudi. Hapo ndipo tafiti nyingi za halmashauri na za asasi zinapoharibikia, kabla hata kompyuta haijawashwa.

Shikamooni wahariri. Nimemaliza kidato cha nne, napenda hisabati lakini pia nafuatilia sana mambo ya serikali. Nisome nini ili niwe mtakwimu wa sera? — Msomaji, Mwanza

Marahaba. Kwa tahasusi, EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati ya Juu) inakufaa kuliko zote, na PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati ya Juu) nayo haikufungii mlango. Kilicho muhimu ni hiyo Hisabati ya Juu. Ukibaki na BAM (hisabati ya msingi kwa wasiosoma Hisabati ya Juu) peke yake, somo la nadharia ya uwezekano litakubana mwaka wa kwanza tu.

Baada ya hapo ziko njia mbili. Vyuo vikuu vinatoa shahada za takwimu, na kuna Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, kilichopo Changanyikeni, Dar es Salaam. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1961 na kinafundisha kuanzia astashahada. Kokote utakakokwenda, usikwepe masomo mawili ambayo wanafunzi huyakimbia kwa kuyaona hayana mvuto: uchukuaji wa sampuli na demografia (elimu ya idadi ya watu). Mbinu za kisasa za kutabiri kwa data utaweza kujifunza baadaye ukiwa kazini. Asiyejua sampuli, kazini ataonekana ndani ya wiki moja.

Programu ya R ni ya bure, ianze hiyo. Maofisi mengi yanatumia Stata. Kwa ukusanyaji wa data kwenye vishikwambi, jifunze CSPro ya Idara ya Sensa ya Marekani au Survey Solutions ya Benki ya Dunia, zote mbili bure. Zoezi letu tunalolipendekeza kuliko kozi yoyote ni hili: jisajili mtandaoni upakue data ghafi za Utafiti wa Kufuatilia Kaya Tanzania, ambao awamu yake ya kwanza ilikuwa 2008/09, kisha chukua jedwali moja kutoka ripoti iliyochapishwa na ulitengeneze upya mwenyewe. Mara ya kwanza namba zako hazitalingana na za ripoti. Tisa kwa kumi utakuwa umesahau uzito wa sampuli (idadi ya kaya ambazo kila kaya ya sampuli inawakilisha), au umehesabu watu mahali ambapo ripoti imehesabu kaya. Ukiweza kueleza tofauti hadi desimali ya kwanza, umeshaiva kuliko wengi wenye vyeti.

Mwenye shahada huingia serikalini kama Mtakwimu Daraja la II, na nafasi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira. Kuna Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kuna Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali kwa Zanzibar, lakini usisahau idara za sera na mipango za wizara, halmashauri, Benki Kuu na taasisi za utafiti wa afya. Katika miaka miwili ya mwanzo, omba kupelekwa uwandani. Mtakwimu ambaye hajawahi kuorodhesha kaya kijijini huandika madodoso yasiyoulizika.

Halmashauri yetu inataka kujua ni asilimia ngapi ya kaya zinatembea zaidi ya nusu saa kufuata maji. Mwenzangu anasema kaya 384 zinatosha siku zote. Ni kweli? — Afisa mipango, Mkoa wa Tanga

Si kweli, na afadhali umeuliza kabla ya kutoka. Namba hiyo inatokana na hesabu hii: 1.96 mara 1.96, mara 0.5 mara 0.5, gawanya kwa 0.05 mara 0.05 (1.96 ni ya uhakika wa asilimia 95, 0.5 ni kukisia kwamba nusu ya kaya zinatembea mbali, 0.05 ni kosa la pointi 5 za asilimia). Jibu ni 384.16, kwa hiyo hata 384 yenyewe ni pungufu, ni 385. Lakini inatosha kwa masharti matatu: kaya zimechaguliwa moja moja kwa nasibu kutoka orodha ya wilaya nzima, unataka namba moja tu ya wilaya nzima, na unakubali kukosea pointi 5 juu au chini.

Anza na sharti la pili. Uamuzi gani utabadilika kwa namba hii? Kama baraza la madiwani litagawa visima kwa tarafa, namba ya wilaya haiwasaidii kitu. Kila tarafa inahitaji sampuli yake kamili, na tarafa nne zitakupa gharama karibu mara nne. Hili lijadiliwe na mkurugenzi mapema, maana mara nyingi ndipo utafiti mzima unapobadilika.

Sharti la kwanza ndilo linalovunjwa kila siku. Kwa sababu ya nauli na posho hutachagua kaya moja moja. Utachagua maeneo ya kuhesabia watu, kisha kaya kadhaa ndani ya kila eneo. Sasa watu wa kitongoji kimoja wanachota kisima kimoja. Ukishauliza kaya mbili, ya tatu inakuambia kidogo sana ambacho hukijui. Hasara hiyo hupimwa hivi: 1 jumlisha (kaya kwa kila eneo toa 1) mara kiwango cha kufanana. Kwa mambo kama umri wa kuolewa kufanana huko kunaweza kuwa 0.05, na ukichukua kaya 20 kwa eneo unapata 1.95, yaani sampuli iwe karibu mara mbili. Kwa maji kufanana ni kukubwa mno. Tuseme ni 0.3 (tafuta makadirio yako kwenye data za utafiti uliotangulia). Kwa kaya 20 kwa eneo unapata 6.7, na 385 zinakuwa 2,580. Bajeti ya halmashauri gani itabeba hiyo?

Kwa hiyo badilisha mpango: maeneo mengi, kaya chache. Kaya 8 kwa eneo zinashusha ile 6.7 hadi 3.1. Kisha kubali kukosea pointi 7 badala ya 5; hesabu ya mwanzo inakuwa 196, mara 3.1 unapata 608, sawa na maeneo 76. Tarajia kaya 1 kati ya 10 isipatikane au ikatae, kwa hiyo chagua 9 kwa eneo, jumla 684. Huu ni utafiti unaofanyika.

Kuchagua maeneo, pata orodha yake kutoka Ofisi ya Taifa ya Takwimu ikiwa na idadi ya kaya kwa mujibu wa sensa ya 2022. Tuseme wilaya ina kaya 45,600. Panga maeneo kwa kata, weka safu ya jumla limbikizi (kaya za kila eneo zikijumlishwa na za maeneo yote yaliyolitangulia), gawanya 45,600 kwa 76 upate 600. Chagua namba moja kwa nasibu kati ya 1 na 600, tuseme 217. Eneo ambalo jumla limbikizi yake ndiyo ya kwanza kufika 217 limeingia, kisha 817, kisha 1,417, hadi mwisho. Eneo lenye kaya nyingi lina nafasi kubwa ya kuchaguliwa, na ndivyo inavyotakiwa.

Usichague kaya kwa orodha ya mwenyekiti wa kitongoji. Wapangaji, wageni na waliohamia mwaka huu mara nyingi hawamo. Tuma watu wawili waorodheshe upya kila mlango, waandike namba kwa chaki na kuchora ramani. Tuseme sensa ilikuta kaya 120 kwenye eneo fulani. Nafasi ya eneo hilo kuchaguliwa ilikuwa 120 kwa 600, yaani 0.2. Kama bado ni 120, nafasi ya kaya ndani yake ni 9 kwa 120, yaani 0.075. Zidisha zote mbili upate 0.015, kisha gawanya 1 kwa hiyo: kila kaya uliyoichagua inawakilisha kaya 66.7. Lakini kama waorodheshaji wamekuta 180, nafasi ya ndani ni 0.05, na kaya moja inawakilisha 100. Ukitumia uzito wa zamani umewapunguza kwa theluthi moja watu wa maeneo yanayokua haraka, na huko ndiko foleni ya kisimani ilipo ndefu.

Mlango ukikutwa umefungwa, usiruke kwenda kwa jirani. Anayekuwa nyumbani saa nne asubuhi hafanani na aliyeko shamba au sokoni, na pengine huyo hayupo kwa sababu amekwenda kuchota maji! Rudi mara tatu, moja iwe jioni.

Na neno la ukweli: kama halmashauri inachotaka ni kujua visima vipi ni vibovu, huhitaji utafiti wa kaya. Tuma watu wenye vishikwambi wazungukie kila kituo cha maji, wachukue majira ya GPS (namba zinazoonyesha mahali kilipo) na kuandika kama kinatoa maji. Ni kazi ya bei nafuu zaidi na jibu lake halina kosa la sampuli.

Nasimamia wadadisi. Nikiangalia data, umri wa watu wengi ni 30, 40, 50. Je, nirekebishe kwenye kompyuta? — Msimamizi, Kigoma

Usirekebishe. Pima kwanza. Chukua watu wote wenye umri wa miaka 23 hadi 62. Hesabu wale ambao umri wao unaishia na 0 au 5, zidisha kwa 5, gawanya kwa idadi ya wote, zidisha kwa 100. Hiki ndicho kipimo cha Whipple. Kwa kawaida 100 ni data safi. Kati ya 125 na 175 ni data mbaya. 500 maana yake kila mtu ametaja umri unaoishia na 0 au 5. Fanya hesabu hii kwa kila mdadisi, akishafikisha watu kama 200. Vijiji vilevile, mmoja ana 240 na wenzake 140? Basi tatizo ni lake: anakisia umri kwa macho. Mrudishe kwenye mafunzo siku hiyohiyo, usisubiri mwisho wa mwezi.

Kwa mtu asiyejua mwaka wake, tumia kalenda ya matukio, tena iliyoandikwa kwenye karatasi mkononi mwa mdadisi: Uhuru wa Tanganyika Desemba 1961, Muungano Aprili 1964, Vita vya Kagera 1978 na 1979, kuzama kwa MV Bukoba Mei 1996, kifo cha Mwalimu Oktoba 1999. Ongeza na matukio ya kijiji, kama mwaka shule ilipofunguliwa. Swali zuri ni "mama alikuwa amembeba nani mgongoni wakati huo?", si "ulizaliwa lini?"

Angalia pia tafsiri ya kaya. Wanaokula chungu kimoja ni kaya moja, hata kama wanalala nyumba mbili. Wapangaji wanaolala ua mmoja lakini kila mmoja na jiko lake ni kaya tofauti. Sensa ya Agosti 2022 ilipata wastani wa watu 4.3 kwa kaya. Timu ikikuletea wastani wa 6 wilaya nzima, shuku kwamba wanaunganisha kaya ili kumaliza orodha mapema.

Namna ya kuuliza nayo inabadilisha jibu, tena sana. Mwaka 2007 na 2008 watafiti waligawa kaya zipatazo 4,000 za Tanzania, kwa nasibu, kwenye mitindo minane ya kuuliza matumizi: daftari la kila siku, kukumbuka siku 7, kukumbuka siku 14, orodha ndefu ya vyakula, orodha fupi, na kadhalika. Nchi ileile, mwaka uleule, viwango vya umaskini vikatofautiana kwa mtindo wa swali peke yake. Orodha ndefu ya siku 7 ilikaribia zaidi daftari la mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo ukibadilisha dodoso katikati ya tafiti mbili, usithubutu kutangaza kwamba umaskini umeshuka.

Nionyesheni mtu mmoja ambaye maisha yake yalikuwa ya takwimu na sera kweli. — Msomaji, Arusha

Prasanta Chandra Mahalanobis wa India. Alizaliwa Kolkata mwaka 1893, akasomea fizikia, na mwaka 1931 akaanzisha Taasisi ya Takwimu ya India. Katika miaka ya 1930 serikali ya Bengal ilihitaji kujua ukubwa wa mashamba ya juti, zao la nyuzi za magunia. Yeye akaonyesha kwamba sampuli iliyopangwa vizuri inaweza kutoa jibu kwa gharama ndogo sana kuliko kupima kila shamba. Mwaka 1950 India ikaanza Utafiti wa Taifa wa Sampuli aliousimamia, na Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, 1956 hadi 1961, ulijengwa juu ya mfumo wake wa hesabu.

Kinachokufaa wewe leo ni mbinu yake ya sampuli pacha. Gawa sampuli yako mara mbili kwa nasibu, kila nusu ienee wilaya nzima, kisha mpe kila timu nusu yake. Timu A ikipata asilimia 41 na timu B asilimia 44, hiyo ni tofauti ya kawaida ya sampuli. A ikipata 41 na B 63, kuna timu imefanya kazi vibaya, na umelijua hilo kabla ya kuandika ripoti. Gharama ya ziada ni nauli, kwa sababu timu zote mbili zinakwenda pande zote. Lipa.

Vijana wamejaa vijiweni, lakini kiwango cha ukosefu wa ajira kinachotangazwa ni kidogo. Nani anatudanganya? — Msomaji, Nairobi

Mara nyingi hakuna anayedanganya. Tafsiri ndiyo inayowachanganya watu. Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, aliyefanya kazi ya malipo au faida hata saa 1 katika siku 7 zilizopita ana ajira. Aliyesukuma mkokoteni Jumanne tu anahesabiwa. Asiye na ajira ni yule ambaye hakufanya hata saa hiyo, yuko tayari kuanza, na ametafuta kazi. Kijana aliyekata tamaa akaacha kutafuta haingii. Ndiyo maana ripoti nzuri hutoa pia namba za wanaotaka saa zaidi za kazi, waliokata tamaa, na vijana wasio kazini, shuleni wala mafunzoni. Soma zote pamoja.

Jambo jingine kubwa: mkutano wa wataalamu wa takwimu za kazi wa Oktoba 2013 ulibadilisha tafsiri. Anayelima hasa kwa ajili ya chakula cha nyumbani kwake hahesabiwi tena kuwa na ajira. Kwa nchi za wakulima kama zetu, badiliko hilo peke yake linahamisha watu wengi kutoka safu moja kwenda nyingine. Ukilinganisha ripoti ya kabla na ya baada bila kuangalia tafsiri, utaandika makala nzima juu ya jambo ambalo halikutokea.

Niko wizarani Dodoma. Mkuu wangu anataka "namba inayopendeza" kwenye taarifa. Nifanye nini? — Msomaji asiyetaka kutajwa

Pole. Kwanza jilinde kwa kazi yenyewe: data ghafi zifungwe zisiguswe, kila hatua ya uchambuzi iwe kwenye faili la amri (maagizo unayoipa programu) lenye tarehe, na jedwali lolote liweze kuzalishwa upya kwa kubonyeza mara moja. Namba yenye njia inayoonekana ni ngumu kuibadilisha gizani. Pili, tafsiri na tarehe ya kutangaza viandikwe kabla ya matokeo kujulikana.

Kisha mpe mkuu kitu cha kweli anachoweza kukisimamia. Mfano: Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 ulionyesha umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ni asilimia 26.4, kutoka 28.2 mwaka 2011/12, kwa mstari wa shilingi 49,320 kwa mwezi kwa kila mtu mzima. Kushuka huko ni kweli, ni pointi 1.8. Lakini Bara ilikuwa na watu milioni 43.6 mwaka 2012, kwa hiyo maskini walikuwa kama milioni 12.3, ukichukua hata milioni 52 tu kwa 2018, ni milioni 13.7. Kiwango kimeshuka, na watu wanaohitaji msaada wameongezeka. Anayetaka habari njema anayo sentensi ya kwanza. Anayepanga bajeti anahitaji ya pili. Ziandike zote mbili kwenye aya moja, na mkuu akifuta moja, weka kwenye kumbukumbu kwa maandishi kwamba ulishauri zote.

Unazo pia nguzo za kuegemea. Kanuni za Msingi za Takwimu Rasmi, zilizopitishwa na Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa mwaka 1994 na kuidhinishwa na Baraza Kuu mwaka 2014, zinataka njia zichaguliwe kwa vigezo vya kitaalamu. Kwa Tanzania iko Sheria ya Takwimu ya 2015. Marekebisho yake ya 2018 yalifanya kuwa kosa la jinai kutangaza takwimu zinazopinga zile rasmi, na yale ya 2019 yakaliondoa kosa hilo. Isome kwa toleo lililorekebishwa. Wapo wanaoogopa hadi leo kifungu kilichokwisha kufutwa.

Tumemaliza utafiti wa wagonjwa wa VVU kwa kaya. Wafadhili wanataka data ziwe wazi. Tuondoe majina tu, inatosha? — Asasi, Mombasa

Haitoshi. Mama wa miaka 43 mwenye pacha, muuguzi, katika kijiji chenye nyumba 90, anajulikana bila jina. Ondoa majina, simu na namba za vitambulisho. Geuza umri kuwa makundi ya miaka mitano. Kazi adimu zote ziwe "nyingine". Ondoa jina la kijiji ubaki na kaunti. Kisha hesabu: kwa kila mchanganyiko wa jinsia, kundi la umri, kazi na kaunti, wako wangapi? Wakipungua watano, unganisha makundi.

Majira ya GPS yasitoke yalivyo. Tafiti za kimataifa za afya na idadi ya watu husogeza kila eneo kwa nasibu: mjini hadi kilomita 2, vijijini hadi 5, na asilimia 1 ya maeneo ya vijijini hadi 10. Faili la kuunganisha namba za kaya na majina likae kwenye kompyuta isiyo na intaneti, chini ya nywila ya watu wawili, na tarehe ya kulifuta iandikwe kwenye fomu ya ridhaa ambayo mhojiwa anasomewa kwa Kiswahili kabla ya swali la kwanza.